Hesabu ya Dadu na Mkebe wa Mama Mweka Hazina

(Hotuba ya kamati ya kikundi kimoja cha kujisaidia mbele ya mkutano wa vikundi. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya michezo ya bahati na hesabu yake. Wengine wenu mmeshangaa kusikia kikundi cha kuku na mahindi kikija kufundisha kamari. Hatukuja kufundisha kamari. Tumekuja kwa sababu dadu moja ndogo, ile ya kuchezea ludo, ilikaribia kuvunja kikundi chetu, na pia karibu itupokonye mweka hazina ambaye hatujapata mwingine kama yeye.

Ilikuwa mwaka wa 2018. Tulikuwa na harambee ya paa la shule ya chekechea. Kila kikundi kiliambiwa kitafute njia ya kuchangisha siku hiyo. Wengine waliuza chai na mandazi, wengine wakauza miche. Sisi tukasema tutaweka meza ya dadu. Mtu analipa shilingi 10, anarusha dadu mara moja. Ikitokea sita, anapewa shilingi 70. Isipotokea, asante kwa mchango wako.

Mtauliza, kwa nini 70? Tulikaa kamati nzima tukajadili jambo hilo, na hoja iliyoshinda ni hii: sita ni ngumu kutokea. Kila aliyecheza ludo anajua. Unaweza kukaa ukirusha na kurusha, wenzako wamekwisha kutoka nyumbani wanazunguka, wewe bado unangoja sita yako ya kwanza. Basi tukaona tukiweka zawadi kubwa watu watavutiwa, na kwa kuwa sita haitokei, pesa zitabaki mkebeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyechukua kalamu.

Asubuhi tulimpa Mama Mweka Hazina shilingi 1,000 za kuanzia, za kulipia washindi wa kwanza. Watu walikuja kwa wingi. Walikuwa wakicheka, wakipiga makofi, na sisi tulifurahi. Jioni tukafungua mkebe. Tukakuta shilingi 660.

Ndugu zetu, mnajua kimya kinachoingia katika mkutano wakati pesa hazitoshi. Mtu mmoja alisema, "Labda zimehesabiwa vibaya." Zikahesabiwa tena, 660. Mwingine akasema polepole, "Meza ilikuwa na watu kutwa nzima." Hakuna aliyetamka neno wizi. Lakini Mama alikuwa ameketi pale, mkebe uko mbele yake, na kila mtu anautazama mkebe halafu anamtazama yeye. Siku ya tatu alileta ufunguo wa sanduku kwa mwenyekiti akasema, "Shikeni ufunguo wenu." Miaka minane alikuwa ameweka pesa zetu, na hazikupotea hata senti.

Jambo moja lilimwokoa. Katika daftari la mtoto wake alikuwa amechora mstari kwa kila aliyerusha, na duara kwa kila aliyeshinda. Mistari ilikuwa 120, maduara 22. Wako waliosema kwamba mistari hata mimi naweza kuichora. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, ambaye ni mwanachama wetu na kwa kawaida ni mtu wa kusinzia mikutanoni, akaomba punje za mahindi.

Alichora pale chini miraba sita, akaiandika moja hadi sita. Akasema, dadu nzuri haina upendeleo. Haijui kwamba sita ina zawadi. Kwa hiyo kila upande una haki sawa na mwenzake ya kutokea. Tukirusha mara sita, tuseme kila upande umetokea mara moja. Haitakuwa hivyo hasa, lakini tuseme. Kila mrushaji ameleta shilingi 10. Akaweka punje kumi katika kila mraba. Ni ngapi? Sitini. Sasa mwenye sita analipwa 70. Akaanza kuzihamisha punje, kumi, ishirini, thelathini, mpaka miraba yote ikawa mitupu, na bado mshindi anadai punje kumi. Mwalimu akamtazama mwenyekiti akauliza, "Hizi kumi zinatoka wapi?"

Zinatoka katika mkebe wa Mama. Kila warushaji sita, mkebe unapungua shilingi 10. Warushaji 120 ni sita mara ishirini. Basi mkebe ulikuwa lazima upungue karibu shilingi 200, hata kama ungewekwa mbele ya malaika.

Lakini tulipoteza 340, si 200. Zile 140 nyingine je? Mwalimu akasema, katika 120 tulitegemea sita zitokee mara 20. Zilitokea mara 22. Mbili zaidi, kila moja shilingi 70, ni 140. Hiyo ndiyo sehemu ya bahati. Kumbe hasara yetu ilikuwa na mafungu mawili: shilingi 200 zilikuwa ujinga wetu wa kamati, na 140 zilikuwa bahati mbaya ya siku ile. Fungu la Mama halikuwapo.

Bado palikuwa na mzee mmoja aliyetikisa kichwa. Tukasema sawa, turushe. Tukarusha dadu ile ile mara 120 kwa zamu, taa imewashwa, na yule mzee ndiye aliyechora mistari. Sita zikatokea mara 19. Zidisha kwa 70, ni 1,330. Tungekuwa tumekusanya 1,200. Hasara 130, na safari hii mkebe ulikuwa mikononi mwa mzee mwenyewe. Mama alirudishiwa ufunguo usiku ule, na mwenyekiti aliomba radhi kwa kusimama, mbele ya watu wote.

Basi hiyo ndiyo hesabu tuliyokuja nayo. Watu wa hesabu wana jina lake, sisi tunaiita faida ya kutarajia. Unahesabu njia zote ambazo mchezo unaweza kuishia. Kwa kila njia unaandika unachopata au unachopoteza. Unajumlisha, halafu unagawanya kwa idadi ya njia. Katika meza yetu: kwa kikundi, njia tano zinaleta shilingi 10 kila moja, hiyo ni 50. Njia moja inatoa 60, kwa maana tumepokea 10 yake tukampa 70. Hamsini toa sitini, tumepungukiwa 10. Gawanya kwa sita, ni hasara ya shilingi 1 na senti 67 kwa kila mrusho.

Kama tungeweka zawadi 50 badala ya 70, hesabu ingegeuka. Zinaingia 60, zinatoka 50, zinabaki 10. Ile ile shilingi 1 na senti 67, lakini sasa inaingia kwetu. Kwa watu 120 tungepata karibu 200 za paa. Na kama tungeweka 60, mchezo ungekuwa wa haki kabisa, na tungekuwa tumesimama juani kutwa nzima bure.

Tafadhali msikie vizuri neno kutarajia. Halisemi kesho utapata nini. Anayerusha mara moja anapoteza 10 au anapata faida ya 40, hakuna mtu aliyewahi kutoka mezani amepoteza shilingi 1 na senti 67. Ni kama mayai mnayomwekea kuku. Mama anajua kwa mazoea kwamba katika kumi wataanguliwa saba au wanane. Yai hili hapa haliwezi kuwa na robo tatu ya kifaranga. Lakini anayeatamisha mayai mengi mwaka mzima hupanga chakula cha vifaranga kwa ile saba na nusu, na hakosei sana. Mwenye mchezo ni mtu wa mayai mengi. Mchezaji ana yai moja.

Na hesabu hii si ngeni duniani. Mwaka wa 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili: watu wawili wanacheza kwa pesa, mchezo unakatizwa kabla haujaisha, pesa zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Mnaona, hata wao walianzia kwenye ugomvi wa mkebe.

Sasa tuwape mchezo wa kuwasumbua kidogo, kwa sababu huu ulitusumbua sisi. Mwaka uliofuata mtu alitushauri tuwe na dadu tatu. Mchezaji anataja namba moja, tuseme nne, anaweka shilingi 10. Dadu tatu zinarushwa pamoja. Nne ikitokea katika dadu moja, anarudishiwa kumi yake na kumi juu. Ikitokea katika mbili, kumi yake na ishirini juu. Ikitokea katika zote tatu, kumi yake na thelathini juu. Mabaharia wa Uingereza waliucheza mchezo wa namna hii kwa dadu zenye picha ya taji na nanga.

Haya, tuambieni, ni mchezo wa haki au si wa haki? Tunasikia wengi mnasema ni wa haki. Hata sisi tulisema hivyo. Dadu ni tatu, namba ni sita, tatu katika sita ni nusu, na ukibahatika unapata zaidi. Kwa kweli unaonekana unampendelea mchezaji.

Tuhesabu. Dadu ya kwanza ina njia 6, ya pili 6, ya tatu 6. Sita mara sita mara sita ni 216. Njia ambazo nne haipo kabisa ni tano mara tano mara tano, yaani 125. Njia ambazo nne iko mara moja tu ni 75. Mara mbili ni 15. Mara tatu ni 1. Jumlisheni, mtapata 216. Mchezaji anapoteza 10 katika njia 125, hiyo ni 1,250. Anapata faida ya 10 katika njia 75, ni 750. Ya 20 katika njia 15, ni 300. Ya 30 katika njia 1. Jumla ya faida ni 1,080. Amepungukiwa 170 katika 216, karibu senti 79 kwa kila kumi anayoweka.

Wale ambao hawapendi hesabu ndefu, kuna njia nyingine ya kuiona. Chukueni wachezaji sita, kila mmoja na namba yake, shilingi 60 mezani. Dadu zikitokea namba tatu tofauti, watatu wanapoteza 30, watatu wanapata 30. Mwenye meza hana kitu, anapitisha tu pesa kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini dadu mbili zikifanana, wanne wanapoteza 40, na wawili wanapata 20 na 10, yaani 30. Kumi imebaki kwa mwenye meza. Zote tatu zikifanana, watano wanapoteza 50 na mmoja anapata 30 huku watu wakimshangilia. Ishirini imebaki. Basi wakati ule watu wanapopiga kelele kwamba zimefanana, zimefanana, ndipo mwenye meza anapokula. Hilo la nusu lilikuwa kosa letu: tulihesabu kila dadu kama namba mpya, kumbe zinaweza kurudiana.

Pata potea hatutaipotezea muda. Wote mmeiona kwenye vituo vya magari, karata tatu zinahamishwa haraka haraka. Kama ingekuwa ya haki, ungepata mara moja katika tatu, na kwa kuwa analipa sawa na ulichoweka, katika kila mia tatu zako mia moja ni yake. Lakini si ya haki. Karata inabadilishwa mkononi, na wale watu wanne waliokutangulia kushinda ni wenzake. Ukiona dadu, unaweza kuhesabu. Ukiona mikono ya mtu, huna cha kuhesabu.

Tuje kwenye simu, maana tunajua ndilo lililowaleta vijana.

Mwaka wa 2022 mwanachama wetu mmoja alikopa shilingi 6,000 kikundini za kununulia chakula cha kuku. Hazikufika dukani. Alizicheza kwenye mechi za mpira kwa wiki tatu, mkeka baada ya mkeka. Alipoitwa na kamati alisema jambo ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: "Nilikuwa nakosa mechi moja tu kila mara. Nilikuwa karibu." Hakuwa anadanganya. Alitufungulia simu tukaona, mikeka ya mechi tano, nne zimekubali, moja imekataa. Hilo neno karibu lilitukaa kichwani, tukaomba atuonyeshe zile namba zinavyofanya kazi.

Kila mechi ina namba tatu: wa nyumbani kushinda, sare, na mgeni kushinda. Wanaita odi. Unazidisha pesa uliyoweka kwa namba hiyo ukishinda. Mechi moja aliyotuonyesha ilikuwa na 2.50, 3.10 na 2.70. Mwalimu akauliza swali la kitoto: nikitaka kupata 1,000 bila wasiwasi wowote, mechi iishe inavyotaka, niweke ngapi? Kwa wa nyumbani, 1,000 gawanya kwa 2.50, ni 400. Kwa sare, gawanya kwa 3.10, ni kama 323. Kwa mgeni, gawanya kwa 2.70, ni kama 370. Jumla 1,093. Yaani unalipa 1,093 ili urudishiwe 1,000. Zile 93 ni sawa na punje zetu kumi, ila safari hii ziko upande wa mwenye meza. Kila shilingi 100 unayoweka, zinazotarajiwa kurudi ni 91 na nusu hivi, labda uwe unaujua mpira kuliko watu wanaozipanga zile namba, na wao hawana kazi nyingine. Kodi hatujaigusa, maana serikali imeibadilisha mara nyingi.

Mtu atasema shilingi nane na nusu katika mia si nyingi, hata dukani tunapunjwa zaidi. Ni kweli kwa mechi moja. Lakini kijana wetu hakucheza mechi moja. Mkeka unafanya nini? Unachukua kilichorudi kwenye mechi ya kwanza unakiweka chote kwenye ya pili, halafu ya tatu, na kila mlango unakata yake. Mia inakuwa 91 na nusu, halafu 84, halafu 77, halafu 70, na mechi ya tano 64. Mkeka wa mechi kumi unabaki na 41. Kadiri mkeka unavyokuwa mrefu ndivyo zawadi inavyoonekana kubwa, na ndivyo mwenye meza anavyokata zaidi. Na kukosa mechi moja katika tano si kuwa karibu. Mtu anayepatia vizuri, mara tatu katika nne, mkeka wake wa tano unakubali wote kama mara moja tu katika nne, lakini kukosa moja tu kunamtokea mara nyingi zaidi ya hapo. Mkeka umetengenezwa hivyo, ukuonyeshe karibu kila Jumamosi.

Deni lake analipa kwa kusaga mahindi kwenye mashine yetu Jumamosi. Amebakisha kidogo. Yeye ndiye aliyetuandikia hizi namba kwenye karatasi ya leo, na ametukubalia tuseme.

Tumesikia swali kutoka kule nyuma. Je, yule Mkenya aliyeshinda shilingi milioni 221 mwaka wa 2017? Ndiyo, alishinda, mechi 17 bila kukosa hata moja. Hatusemi ni uongo. Mechi moja ina mwisho wa aina tatu, kwa hiyo mechi 17 zina njia 129,140,163. Haya, tumpe mchezaji heshima, ni fundi, kila mechi anaipatia nusu ya mara zote. Bado ni moja katika 131,072. Akijaza tiketi moja kila wiki, angehitaji zaidi ya miaka 2,500 ili atarajie kupata mara moja. Hapa ndipo faida ya kutarajia inaweza kumdanganya mtu mwenye akili, maana zawadi ikiwa kubwa mno, kwenye karatasi wastani unaweza hata kuonekana mzuri. Lakini ni wastani wa maisha mengi sana, na wewe una moja, na karo ni mwezi ujao.

Tupite haraka kwa mambo ya tiketi za bahati nasibu, kwa sababu vikundi viwili vimetuuliza. Mwaka wa 2021 tuliweka mbuzi wa shilingi 6,000, na kuchapisha tiketi 200 kukatugharimu 500. Kila tiketi shilingi 50. Zikiuzwa zote ni 10,000, kikundi kinabaki na 3,500. Hiyo tuliikokotoa mapema, tulikuwa tumejifunza. Tulichosahau ni kwamba tiketi haziuzwi zote. Tulihitaji kuuza 130 ndipo tuanze kupata hata shilingi. Tuliuza 141. Faida yetu baada ya mwezi mzima wa kutembea nyumba kwa nyumba ilikuwa 550. Kwa hiyo kabla ya kununua mbuzi, jiulizeni kwanza ni tiketi ngapi zinalipa mbuzi, halafu mjiulize kama mna jamaa wengi kiasi hicho. Na mwambieni mnunuzi ukweli: kati ya 50 zake, tiketi zikiuzwa zote 200, 30 ni za mbuzi na 20 ni mchango wake. Wengi watakubali, ni jirani zenu. Tena sheria ya michezo ya bahati ilibadilishwa mwaka wa 2025, kwa hiyo ulizeni ofisi ya serikali kuhusu kibali kabla ya kwenda kwa mchapaji.

La mwisho ni lile lililotugawanya.

Mwaka wa 2023 mota ya mashine yetu ya kusaga iliungua. Mota nyingine ilikuwa shilingi 18,000. Wiki hiyo hiyo akaja bwana mmoja, mtu wa adabu, akasema ataweka moja ya zile mashine za sarafu za shilingi 20 pale pembeni mwa chumba chetu. Sisi hatutoi kitu. Katika kila mia itakayobaki ndani ya mashine, 30 ni zetu.

Mashine si dadu, huwezi kuhesabu pande zake. Imepangwa ndani na mtu usiyemjua. Tukamtuma binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne akakae soko la jirani, ambako kulikuwa na moja. Jumamosi tatu, kwa sababu siku moja inaweza kuwa ya bahati. Aliona zikiingia sarafu 640 na kutoka 455. Zilibaki 185, yaani shilingi 3,700. Karibu 29 katika kila mia.

Baadhi yetu tulifurahi. Tukasema, tazama, inalipa. Ni Mama Mweka Hazina aliyeomba kalamu. Akaandika, tunataka 18,000. Kwetu ni 30 katika mia. Basi ili tupate 18,000, mashine lazima ibaki na 60,000. Akauliza, "Hizo 60,000 zinatoka wapi?" kwa sauti ile ile ya Mwalimu na punje zake. Binti akajibu, maana yeye ndiye aliyeziona: ni vijana wa bodaboda, watoto wa shule waliotumwa dukani, na wanaume wawili waliokuja kusaga mahindi wakarudi nyumbani bila kusaga. Ni watu wetu. Kijiji kitoe 60,000, sisi tupokee 18,000, na 42,000 zipande gari ziende. Tuko wanachama 36. Mia tano kila mmoja ni 18,000, na hakuna kinachopanda gari.

Haikuwa rahisi. Mia tano ni pesa, na wako waliosema wazi kwamba afadhali zitoke kwa wajinga kuliko kwao. Mwanachama mmoja alitoa hoja nzito zaidi: tukikataa, ataiweka duka la jirani, watoto watacheza vile vile, na sisi hatutakuwa na mota. Tulipiga kura. Waliokataa mashine walikuwa 21, waliotaka 13, wawili hawakuinua mkono.

Ikawa kama alivyosema. Mashine iliwekwa duka la pili kutoka kwetu. Mota tulichanga miezi minne, na miezi hiyo yote kina mama walibeba mahindi hadi sokoni, kilomita sita. Kwa hiyo hatuwezi kusimama hapa tukasema tuliokoa zile 42,000. Tunachoweza kusema ni kwamba wanachama 36 walijua wanachokataa na bei yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya wakati mkebe unahesabiwa.

Dadu ile iko hapa mezani, pamoja na punje. Wakati wa chai, anayetaka kuirusha mara 120 aje, Mama atachora mistari.